Gumba la Iradukunda

Kaniha, Biharamulo
11 Februari 2024

Mdogo wangu Febronia,

Pokea salamu ndefu kama mahindi yangu ya mwaka huu, ambayo yameipita nyumba kwa urefu, waulize majirani. Mimi mzima, wifi yako Anneth mzima, watoto wanakula kuliko wanavyosoma. Kibanda changu cha ufundi pale njia panda bado ni kilekile: pikipiki inaingia inakohoa, inatoka inaimba. Shemeji Philbert hajambo? Mama mkwe wako je? Mwambie yule Danstan aliyecheza vibaya kwenye harusi yenu bado anacheza vibaya.

Nakuandikia kwa sababu simu hapo kwenu ni moja, anayeipokea ni mama mkwe, na wewe mwenyewe ulisema kwenye simu mimi nacheka tu, simalizi neno. Haya, karatasi haicheki. Atakuletea Leonidas, kondakta wa basi la Ngara.

Sasa jambo lenyewe. Juzi alikuja kwangu Kazimili, dereva wa lori la mahindi, akaniambia Mwanza kuna madaktari wanamtengenezea gumba mtoto aliyezaliwa bila gumba. Febronia, spana ilinidondoka mguuni na sikuisikia. Nikamwona Iradukunda, mpwa wangu, miaka minne, na ule mkono wa kulia ulioanzia kwenye kidole cha shahada.

Basi nimeshaamua. Nitatoa gumba langu. La kushoto, maana la kulia nalitumia kwenye kazi. Mtu ana magumba mawili kama pikipiki ina vioo viwili, kimoja kikitoka bado unafika. Nimelitangaza pale kwa Faustini tunapokunywa rubisi, watu wakapanga mstari kulishika na kuliaga. Mzee mmoja alilibusu. Nami usingizini nikaota limetangulia: limepanda basi la Ngara, limekaa dirishani peke yake, linatazama milima, kondakta hajui nauli amdai nani.

Nijibu upesi kabla sijalizoea tena.

Kaka yako,
Danstan


Bugarama, Ngara
3 Machi 2024

Kaka Danstan, shikamoo.

Barua yako imekaa mfukoni mwa Leonidas siku tisa. Imefika imekunjika, inanuka dagaa. Sisi wazima. Mvua inanyesha alfajiri, halafu ukungu unalala bondeni mpaka saa nne. Nikisimama mlangoni naiona migomba kuanzia kiunoni kwenda juu, kama imepandwa juu ya maziwa. Philbert yupo. Mama mkwe yupo. Maharage yamekubali.

Iradukunda hajambo. Ana maneno mengi. Tukiambua maharage, ganda analibana kati ya kidole cha shahada na cha kati, na anamaliza sahani yake kabla yangu. Hajui kama amepungukiwa. Kanisani padri akisema tupeane amani, mkono wa kulia naufunga ndani ya kitenge, anatoa wa kushoto. Watu wameshazoea.

Gumba lako baki nalo. Kwanza kubwa mno, na grisi iliyo kwenye ukucha wake ni ileile ya siku ya harusi yangu. Usiniandikie tena habari hii.

Mdogo wako,
Febronia


Kaniha
7 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Anneth anakusalimu, amepata mbuzi wawili, mmoja anafanana na diwani. Mvua huku imefanya njia kuwa uji, kwa hiyo kazi ni nyingi.

Umeniambia nisikuandikie habari ile, nami ni mtu mtiifu, dunia nzima inajua. Kwa hiyo sikuandikii. Nakusimulia safari tu.

Nilipanda na Kazimili mpaka Mwanza. Hospitalini nikaelekezwa kwa daktari wa mikono, mama mmoja mfupi wa miwani, viganja vidogo kama vya mtoto wa shule. Mimi, niliyekuwa utingo mpaka Bujumbura na Mombasa, niliyesomea Benaco kambini enzi za wakimbizi, nikiuza ndizi kwa lugha saba wakati wenzangu wanamaliza darasa la saba, sikuogopa. Nikaweka mkono mezani.

"Daktari, nimekuja. Hili hapa."

"Hili nini, baba?"

"Gumba. Kateni, mpeni mtoto."

Alicheka mpaka akavua miwani. Muuguzi akatoka nje kabisa.

"Baba, mwili wa mtoto hautalipokea hilo," akasema. "Na hata ungelipokea, mtoto angetembea ameinama upande."

Halafu akaacha kucheka, akanivutia kiti. Akanichorea, na mchoro umo humu ndani. Hawaleti spea ya nje, Febronia. Wanahamisha ya humohumo. Kidole chake cha shahada wanakifupisha mfupa, wanakisogeza chini, wanakizungusha kiwatazame wenzake, na mishipa ya damu wanasafiri nayo bila kuikata. Kikiamka, kimekuwa gumba. Vidole vinabaki vinne vilevile, ila kimoja sasa kina kazi ya kukutana na wenzake. Anataka mtoto aje kabla hajaanza shule, wakati akili yake bado inakubali kujifunza mkono upya.

Niliporudi kwa Faustini na gumba langu lote, waliniita mwoga. Nimevumilia.

Danstan


Bugarama
20 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Nimechelewa, najua. Kahawa imeiva yote kwa pamoja. Mama mkwe anaumwa mgongo. Mimi siku hizi nalala mchana, nikiwa nimekaa hivihivi, na kikapu ninachosuka mapajani.

Siku moja nimelala hivyo nikaota Iradukunda yupo bondeni kwenye maji, anaosha vidole vyake kimoja kimoja kama mtu anayeosha maharage. Kimoja kikamponyoka, kikaenda na maji. Hakulia. Alikipungia mkono. Nimeamka nimeishika sindano ya kusukia mpaka imenitoboa.

Umeandika kurasa nne na mchoro juu yake, kaka, lakini kuna mahali umeruka. Kikihamishwa kikakataa kuishi? Kikifa? Hapo hukuandika. Nitakuwa nimemtoa mtoto wa vidole vinne, nimerudishiwa wa vitatu, na hicho wanachokitaka ndicho anachonyooshea ndege, ndicho anachobania maganda. Mama mkwe anasema mkono huu umetoka ukoo wetu. Philbert anachukua panga, anakwenda migombani.

Anaweza kila kitu. Mwacheni.

Febronia


Kaniha
14 Julai 2024

Mdogo wangu Febronia,

Marahaba. Nyumbani wazima, mbuzi wamekuwa watatu, nisamehe mwandiko, nitakueleza sababu.

Kwanza deni la ukweli. Nilimuuliza daktari swali lako. Alisema huwa ni nadra, lakini hutokea, damu ikakataa kufika na kidole kikapotea. Hakunificha. Mimi ndiye niliyekuficha, kwa sababu kalamu ilipofika hapo ikawa nzito, nikaandika habari za Faustini badala yake.

Pili. Wewe unasema anaweza kila kitu. Mimi fundi, siamini mpaka nijaribu. Nimekata mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikalifunga gumba langu la kulia likalala kiganjani, na nimekaa hivyo siku saba. Hata barua hii naiandika nikiwa nimelifunga, ndiyo maana herufi zinatembea kama walevi.

Febronia, mimi ninayefungua injini nimefumba macho, nilishindwa na kifungo cha shati. Anneth amenivalisha suruali kama maiti. Chupa nimeivunja. Spana ikawa samaki. Siku ya tatu nikaanza kubana vitu kati ya vidole viwili kama anavyofanya yeye, na vile vidogo vidogo nikaviweza, nikajisifu. Ila kila kitu kinene, kikombe, jembe, mkono wa mtu anayenisalimia, vinapita tu. Nikajua mtoto hawezi kila kitu. Anachofanya ni kuchagua anavyoviweza mbele yako, na vingine anaviacha bila kusema. Hata mimi nilianza kumficha Anneth, na mimi ni mtu mzima mwenye masharubu.

Siku ya saba niliwaza mengi. Nilikuwa nimekaa tu kibandani, upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi jepesi, nikaona kama barabara yote inaelea, na watu wanaopita kila mmoja ameshika kitu: panga, ndoo, mtoto. Sikuwahi kuona jinsi dunia nzima inavyoshikwa.

Naomba jambo moja, halafu ninyamaze kweli. Daktari alisema mtoto wa namna hii akikitumia sana kile kidole cha shahada, kinaanza chenyewe kugeuka pole pole kuelekea nje, ukucha wake unaacha kutazama juu. Mwangalie Iradukunda. Usimwambie kitu. Mwangalie tu.

Danstan


Bugarama
11 Agosti 2024

Kaka Danstan, shikamoo.

Huku wote wazima. Mtama umevunwa, kuta zote zina vumbi lake jekundu.

Nimemwangalia. Siku kumi. Asubuhi nampa uji kwenye kikombe, anakikumbatia kwa mikono miwili hadi kwenye kifua, kama mtu anayebeba kifaranga. Nilidhani anapenda joto. Watoto wa jirani wakirusha mpira wa majani ya migomba, yeye anakuwa mwamuzi. Kila siku mwamuzi. Nilidhani anapenda kuamua.

Na kidole ni kweli. Kimeachana na wenzake, kimegeukia nje, ukucha unatazama pembeni. Nilikishika akiwa amelala mchana mgongoni kwangu, nikakitazama kama unavyomtazama mtu anayekuja ndani ya ukungu: sura bado huijui ila mwendo umeutambua. Kilikuwa kimeshaondoka nyumbani, kaka. Kilikuwa njiani peke yake miaka yote hii, na mimi mama yake nakifunga kwenye kitenge.

Philbert atamleta kwako Jumamosi. Alikubali upesi mno, kumbe alikuwa ananisubiri mimi. Anapenda yai lililokaangwa pande zote mbili. Akiogopa haongei, anahesabu kwa sauti, usimkatize.

Mimi sitakuja. Usiniulize sababu.

Febronia


Mwanza
8 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Tumefika salama. Kivukoni Busisi Iradukunda alisimama ukingoni, akaniuliza, "Mjomba, haya maji yanakwenda wapi yote?" Nikamwambia yanakuja kutuona sisi. Akayakaribisha. Ziwa lilikuwa limelala, rangi moja na mbingu, ukitazama hujui boti ziko juu au chini. Mawe ya Mwanza yamekaa juu ya mengine kama mtu aliyapanga akaitwa kula. Sangara hapa ni mkubwa kuliko Leonidas. Tumekula sato mara tatu. Wauguzi wote wananijua kwa jina, mmoja nimemtengenezea pikipiki yake.

Tunasubiri kidogo, kuna mashine wanaisubiri. Usiwe na wasiwasi. Sato wa hapa wanamkaanga mzima na kichwa chake.

Danstan


Bugarama
15 Septemba 2024

Kaka, shikamoo.

Kazimili amepita huku na barua yako, namrudisha na hii leo hii. Umeniandikia samaki. Umeniandikia mawe. Mkono hukuutaja hata mara moja. Kumbe hata kwenye karatasi unajua kucheka. Niambie kuna nini.

Na mimi nikwambie langu, tuwe sawa. Nina mimba ya miezi saba. Ndiyo maana sikuja. Sikukwambia kwa sababu tangu Machi nilipoijua, kitu cha kwanza kuuliza si kama ni mvulana au msichana. Nauliza ana vidole vingapi. Naamka nauliza, napalilia nauliza. Mama mkwe naye ananitazama tumbo akiuliza hilo hilo, tunakaa jikoni wawili tunamenya ndizi, tunaulizana bila kufungua mdomo.

Mtoto wangu ana nini, Danstan?

Febronia


Mwanza
29 Septemba 2024

Febronia,

Leo sichezi.

Daktari alipomsikiliza kifua siku ya kwanza, alisikiliza mara mbili. Alisema watoto wanaozaliwa bila gumba, baadhi yao moyo nao huwa na kasoro, maana vyote viwili hutengenezwa wiki ileile tumboni. Alisikia sauti ndogo asiyoipenda. Ndiyo mashine tuliyoisubiri. Siku kumi na moja, mdogo wangu. Siku kumi na moja nilikula sato sikujua ladha yake, nikakuandikia ladha. Walimpaka mafuta baridi kifuani, wakautazama moyo wake kwenye kioo, nami niliuona. Unafunguka na kufunga kama mtu anayetaka kusema kitu kisha anasita. Daktari akatazama muda mrefu. "Mzima," akasema. "Ni sauti tu ya mtoto mwembamba." Nilimshukuru kwa lugha zote saba.

Upasuaji ulikuwa Jumatano tarehe kumi na nane. Alipochukuliwa alianza kuhesabu. Alifika kumi na nne, mlango ukafungwa. Nilitaka kuwaambia waliokuwa kwenye benchi kisa cha Mombasa, nikafungua mdomo, halafu nikajikuta nimelazwa kitanda cha watoto, miguu inaning'inia. Wanasema nilianguka kama gunia. Nakuandikia wewe tu. Kwa Faustini isifike.

Mkono wake sasa umo ndani ya hogo jeupe la plasta mpaka juu ya kiwiko. Inaonekana ncha tu, na ncha hiyo ndiyo niliyoilinda. Muuguzi anaibonyeza, inakuwa nyeupe, tunangoja, inarudi waridi. Siku mbili za kwanza mimi na ule ukucha tulitazamana. Kila uliporudi na rangi yake niliona kama kunakucha. Daktari jana ametikisa kichwa kukubali. Kinaishi, Febronia. Kimefika kilikokuwa kinakwenda.

Nilimuuliza na kuhusu huyo aliye tumboni. Alisema mara nyingi hairudii, mara nyingine hurudia, hakuna anayejua. Na akasema si kosa la ukoo wowote, si wetu si wao. Msomee mama mkwe sentensi hiyo. Msomee mara mbili.

Danstan


Bugarama
8 Desemba 2024

Kaka Danstan, shikamoo. Wifi Anneth namsalimu, na mbuzi wote.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na sita Novemba, wa kiume, tumemwita Desderius. Iradukunda alikuwa ameshafika wiki mbili kabla, hogo limetolewa, na gumba lake amelileta kama mgeni aliyeletwa bila kutambulishwa. Jembamba, limenyooka, lina kovu linalolizunguka kama uzi. Mazoezi ya daktari tuliyafanya yote. Nilimpa chungwa, kikombe, mpira. Alivichukua kwa mkono wa kushoto. Nikimshika wa kushoto, anabana kati ya vidole vingine viwili kama zamani, na gumba limesimama pembeni linaangalia.

Sasa nikwambie kosa langu. Mkunga aliponipa mtoto nilimwambia amfunge mikono. Siku tatu sikumfungua. Siku ya nne nikakaa mlangoni penye mwanga, nikafungua, nikahesabu. Kumi. Nikahesabu tena, nikambusu kimoja kimoja, nikalia. Nilipoinua macho Iradukunda alikuwa amesimama ananitazama. Alikwenda akachukua kitenge, akaufunga mkono wake mwenyewe.

Wiki mbili aliufunga. Asubuhi anaamka anaufunga. Nilimwomba, nilimtania, mama mkwe alimpigia magoti, kaka, mama mkwe mwenyewe, akamwambia, "Mjukuu wangu, nionyeshe huo mkono mzuri." Akakataa. Nilisema, basi, nimewapa madaktari kidole na mwanangu nimempoteza mimi.

Jana mvua ilikuwa imekatika. Nilimlaza Desderius kwenye mkeka kibarazani, nikawa nachuja togwa hatua chache. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni mpaka uani, mweupe, hauna sauti, hata kuku walikuwa wanatokea na kupotea. Iradukunda alikaa karibu na mdogo wake. Nikaona ameinama sana, nikasimama kutazama.

Sisimizi alikuwa amempanda mtoto usoni. Alipita shavuni, akafika kwenye kope. Mikono yangu ilikuwa imejaa togwa. Iradukunda alijaribu mkono wa kushoto, lakini mtoto alikuwa amekishika kidole chake na hakiachii. Alitazama kile kidole kilichoshikwa. Akaitazama kope. Halafu akakivuta kile kitenge kwa meno, kikaanguka.

Lile gumba lilitoka pembeni, polepole, kama halina hakika kama limeitwa. Kidole mwenzake kikaja kulilaki. Vikakutana juu ya jicho la mtoto, laini kiasi kwamba hakupepesa. Akamwinua sisimizi, akamtazama kwa karibu anavyopiga miguu hewani, akaniambia bila kugeuka, "Mama, simbani sana."

Akamweka ukingoni mwa mkeka. Sisimizi alikuwa mzima. Akaenda zake.

Mdogo wako,
Febronia